Je, Kapteni wa Meli Anapaswa Kuchangamana na Abiria? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina tatu: Waganda wanaojiandaa kwa safari yao ya kwanza ya meli ya kitalii baharini, vijana wanaotafuta kazi kwenye meli hizo, na wale wanaovuka Ziwa Victoria kila mara kwenda visiwa vya Kalangala, Buvuma au Koome. Hao wa mwisho wakisikia habari za makapteni wa ng'ambo wanaokula na abiria na kupiga nao picha, hugeuka na kuuliza: mbona huyu wetu hata hatabasamu? Tumeanza na mambo ya msingi. Ukielekezwa kwenye swali jingine, lisome hilo, kwa maana hatukutaka kusema jambo moja mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, anapaswa au hapaswi?

Anapaswa, kwa wakati wake na kwa watu wote. Kapteni anayefahamika sura na sauti ana akiba ya kutumia siku mambo yakiharibika: akisema vaeni jaketi, watu huvaa kwanza, maswali baadaye. Asiyefahamika atatumia dakika zake za thamani kuwasadikisha watu kwamba anayezungumza ni yeye.

Tunachokikataa ni uchangamfu wa kuchagua, ule wa kapteni mwenye marafiki watano melini asioweza kuwaambia hapana. Huyo ni hatari kuliko kapteni mkimya. Majibu mengi hapa chini yanaegemea tofauti hiyo.

2. Kuna sheria inayomlazimisha kuzungumza na abiria?

Kuzungumza nao kwa maana ya maongezi, hakuna. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao toleo lake la kwanza liliandikwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, unahusu mashua za kuokolea, moto, redio na mazoezi ya dharura. Habari za karamu hazimo.

Ila ndani ya mkataba huo kuna kanuni moja ambayo abiria wengi hawaijui: mwenye meli, kampuni au mtu mwingine yeyote haruhusiwi kumzuia kapteni kuchukua uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama wa watu na wa mazingira ya bahari. Mtu mwingine yeyote, maana yake hata wewe uliyelipia chumba cha bei ya juu kabisa, na hata waziri. Uchangamfu unaanza baada ya mpaka huo.

Kinachomtoa kapteni mbele ya watu ni makubaliano yake na kampuni. Kampuni nyingi zinamtaka aonekane kwenye karamu ya kukaribisha, atangaze kwenye vipaza sauti meli ilipo na hali ya hewa itakavyokuwa, na apite kwenye kumbi mara kadhaa katika safari.

3. Desturi ya kula na kapteni ilitoka wapi?

Kwenye meli kubwa zilizovusha watu Atlantiki kati ya Ulaya na Marekani kabla ya enzi za ndege. Safari ilikuwa ya siku nyingi, abiria wa daraja la kwanza walikuwa matajiri na watu wa vyeo, na kualikwa meza moja na kapteni kulionyesha nani ni nani. Kampuni zilishindana kwa makapteni wenye mvuto. Edward Smith wa Titanic alipendwa sana na matajiri, na wapo waliopanga safari zao kwa kufuata meli aliyoiongoza yeye.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 Smith alikuwa mgeni kwenye chakula cha jioni kilichoandaliwa na familia tajiri ya Widener. Watu hupenda kusema chakula hicho ndicho kilichoizamisha meli. Si haki. Alikwishaondoka mezani, akapita kwenye chumba cha usukani kuzungumza na ofisa wa zamu, kisha akaenda kupumzika. Meli iligonga barafu saa 5:40 usiku. Kosa lililo wazi ni kwenda kwa kasi kubwa gizani ilhali meli nyingine zilikwishaonya kwa redio kwamba kuna barafu mbele. Karamu haikuwa na mkono hapo. Anayetaka mfano wa urafiki uliozamisha meli asome swali la 11.

4. Meli ina watu elfu saba. Atamsalimia nani?

Swali zuri. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, na wafanyakazi wake ni zaidi ya 2,300. Kapteni akimpa kila abiria nusu dakika tu, bila kulala wala kula, zitamwishia saa 63.

Ndiyo maana kazi ya kuwachangamsha watu imegawanywa. Yupo mkurugenzi wa huduma za hoteli, anayeshughulikia vyumba, chakula na wahudumu. Yupo mkuu wa burudani, yule mwenye sauti ya furaha isiyochoka, ambaye utamsikia kila asubuhi hata usipotaka. Yupo pia naibu wa kapteni, anayesimamia nidhamu na usalama. Ni kama taxi ya Kampala: anayeita abiria, anayepokea nauli na anayetania ni kondakta, na dereva ambaye macho yake yako kwa kondakta badala ya barabarani hatumtaki.

Kapteni anabaki na mambo yasiyokabidhika kwa mtu mwingine: sauti yake kwenye vipaza sauti, kuonekana kwake mara moja moja, na habari mbaya. Bandari ikifungwa kwa dhoruba na safari ya Zanzibar ikafutwa, watu wanataka kuisikia kwake.

## Ukiwa abiria

5. Nimwiteje, na nimsalimieje?

"Kapteni" inatosha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sisi tumezoea salamu ndefu: habari ya nyumbani, watoto, mvua huko kwenu, kazi inaendaje. Kwenye karamu ya kukaribisha kuna msururu nyuma yako, kwa hiyo fupisha. Ukimkuta ametulia kwenye ukumbi siku ya pili, muulize ametoka wapi na yuko baharini tangu lini. Wengi hufurahi kuulizwa jambo lisilohusu ajali.

Usikasirike asipokupa mkono. Virusi vya norovirus, vinavyoleta kutapika na kuhara, husambaa haraka sana melini, na makapteni wengi wameacha kushikana mikono na mamia ya watu usiku mmoja. Atakugusa kwa kiwiko au atainamisha kichwa. Na mama aliyelelewa kupiga magoti anaposalimia asijisumbue. Kapteni atadhani ameanguka na ataita daktari.

6. Nitaalikwaje kwenye meza ya kapteni?

Mwaliko hutoka kwa watu wa huduma za hoteli, si kwa kapteni mwenyewe. Hutazama wateja waliosafiri na kampuni mara nyingi, walio kwenye vyumba vya gharama, na mara nyingine wanandoa wanaoadhimisha miaka yao. Ukitaka, uliza mapema kwenye dawati la wageni; mbaya zaidi utaambiwa hakuna nafasi. Vaa vizuri. Gomesi au kanzu yenye koti itapendeza kuliko suti ya kuazima.

Kampuni kadhaa zimepunguza desturi hii au zimeiacha, na hatuoni hasara kubwa. Meza ya watu wanane kati ya maelfu ni uchangamfu wa kuchagua, hata ukiwa na nia njema. Dakika tano za kapteni kwenye kipaza sauti kila siku zinamfikia kila mtu, hata yule wa chumba cha chini kisicho na dirisha.

7. Nilimnunulia kinywaji akakataa. Nimemkosea?

Hapana. Kanuni za kimataifa za mabaharia, STCW, zinaweka kikomo cha kilevi cha asilimia 0.05 katika damu kwa maofisa walio kazini, na kampuni nyingi zinakaza zaidi ya hapo. Kapteni hana saa ambayo hawezi kuitwa. Kwetu mgeni akikataa kinywaji mwenyeji huumia, tunajua, lakini hapa usimbembeleze. Glasi unayomwona nayo kwenye karamu mara nyingi ina juisi.

8. Naweza kuingia chumba cha usukani nikaone anavyoendesha?

Zamani ilikuwa rahisi. Tangu Julai 2004, kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zilipoanza kutumika, milango hiyo imefungwa kwa watu wasiohusika. Baadhi ya meli zina dirisha la kioo ambalo abiria huchungulia, na nyingine huuza matembezi ya kuongozwa. Ukiambiwa leo haiwezekani, kubali. Sababu iko kwenye swali la 11.

9. Wiki nzima hatukumwona. Anatudharau?

Pengine alikuwa amelala, na hilo ni jambo la kushukuru. STCW inataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Meli ya kitalii huingia bandarini alfajiri, wewe ukiwa usingizini, na kuondoka jioni, wewe ukiwa unakula. Nyakati zote mbili kapteni anapaswa kuwa kwenye usukani na watu wake. Ukimwona ana macho mekundu, anacheza dansi saa sita usiku na kesho kuna bandari ya alfajiri, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

10. Nina malalamiko. Nimfuate yeye?

Chakula, chumba, bili, jirani mwenye kelele: nenda dawati la wageni, kisha kwa mkurugenzi wa huduma za hoteli. Ukiona moshi, mtu ameanguka majini, au mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, mwambie mfanyakazi yeyote aliye karibu nawe, papo hapo. Usimtafute kapteni.

## Urafiki ulipoua, na ulipookoa

11. Kuna ajali iliyosababishwa na kapteni kutaka kuwafurahisha watu?

Ipo, na kila baharia anaijua. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iliondoka bandari ya Civitavecchia, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Kapteni Francesco Schettino aliitoa kwenye njia yake ya kawaida ili ipite karibu na kisiwa cha Giglio, kama salamu. Mkuu wa wahudumu wa mgahawa alikuwa mwenyeji wa kisiwa hicho, na alikuwapo kwenye chumba cha usukani. Walikuwapo na wengine wasio na kazi pale. Saa 3:45 usiku meli iligonga mwamba ukalipasua tumbo lake. Watu 32 walikufa.

Mabaya zaidi yalifuata. Abiria waliambiwa ni hitilafu ya umeme. Amri ya kuihama meli ilitolewa baada ya zaidi ya saa nzima, meli ikiwa imekwishaanza kulala upande. Abiria waliopanda jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Kapteni mwenyewe alifika nchi kavu watu wakiwa bado ndani, na ofisa wa walinzi wa pwani alimfokea kwenye simu arudi melini. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 16, na mwaka 2017 mahakama ya juu ikaithibisha hukumu hiyo.

Wapo wanaosema, "Mnaona, kapteni asizoeane na watu." Sisi tunaisoma tofauti. Schettino alikuwa mchangamfu kwa wachache waliokuwa karibu naye, na kwa wale 4,000 waliosimama gizani na majaketi alikuwa bubu. Alitoa salamu kwa kisiwa, hakutoa ukweli kwa abiria.

Baada ya hapo mambo mawili yalibadilika. Kampuni za meli za kitalii zilikubaliana kuwazuia wasiohusika kuingia chumba cha usukani nyakati zinazohitaji umakini mkubwa. Na tangu tarehe 1 Januari 2015 SOLAS inataka abiria wapya wafanye zoezi la dharura kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka.

12. Na kapteni ambaye uchangamfu wake ulisaidia?

Mwaka 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, kwa sababu ya korona. Ilikuwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 waliambukizwa. Abiria walifungiwa vyumbani kwa wiki mbili, wengine bila dirisha. Kapteni Gennaro Arma alikuwa akizungumza nao kwenye vipaza sauti mara kwa mara: hali ikoje, nini kinafuata, tuvumilie pamoja. Hakuwa na tiba wala uwezo wa kufungua milango. Alikuwa na sauti, akaitumia, na tarehe 1 Machi alishuka wa mwisho. Serikali ya Italia ilimtunuku nishani.

Hakula chakula cha jioni na abiria yeyote siku zile.

13. Je, kapteni akishindwa, nani mwingine watu watamsikiliza?

Yule waliyemzoea. Agosti 1991 meli ya Oceanos ilizama kwenye bahari iliyochafuka karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kapteni Yiannis Avranas aliondoka kwa helikopta wakati abiria wengi bado wako melini. Waliobaki kupanga watu, kuita msaada kwenye redio na kuwafunga abiria kamba za helikopta walikuwa wanamuziki na watumbuizaji, akiwemo mpiga gitaa Moss Hills. Watu wote 571 waliokolewa.

Tunaipenda habari hii kwa sababu inawavunja nguvu wanaodharau "watu wa muziki" melini. Tunaamini abiria waliwafuata kwa kuwa walikwishawaona jukwaani. Kuzoeleka kwao kulifanya kazi ambayo kofia ya kapteni haikuifanya.

14. Makapteni wa mitandao ya kijamii je? Si wanapoteza muda?

Kate McCue, ambaye mwaka 2015 alikuwa Mmarekani wa kwanza mwanamke kuwa kapteni wa meli kubwa ya kitalii, amejulikana duniani kwa video zake na paka wake asiye na manyoya. Wazee wa bahari hukunja uso. Kwa maoni yetu video ni bora kuliko meza ya watu wanane: anairekodi akiwa hana zamu, na maelfu wanajua sura na sauti yake kabla hawajapanda. Ikirekodiwa wakati meli inaingia bandarini, huo ni upuuzi, awe nani.

## Ziwani na mtoni kwetu

15. Kwani Uganda ina meli za kitalii?

Za kulala usiku kucha na mabwawa ya kuogelea, hakuna. Ziwa Victoria liliwahi kuwa na meli za kuzunguka bandari zote. RMS Victoria, iliyoanza mwaka 1961, ilikuwa ikiunganisha Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Ziwa Albert lilikuwa na Robert Coryndon ikitokea Butiaba. Leo mtalii atapanda MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kwa saa tatu na nusu hivi, au boti la Paraa kwenda chini ya Maporomoko ya Murchison, au la mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Kisha kuna maboti ya starehe ya wikiendi, ambayo yana swali lake (la 18).

16. Kapteni wa feri mbona hachangamki?

Kwa sababu yuko juu na mlango umefungwa, kama inavyotakiwa. Lawama yetu iko kwingine. Kwenye feri na maboti yetu mengi hakuna anayezungumza na abiria kabisa. Unapanda, honi inalia, mnaondoka. Jaketi ziko wapi? Watoto wana zao? Upepo wa alasiri utakuwaje? Kila mmoja abahatishe.

Dakika mbili tu zingetosha: jina la kapteni, muda wa safari, majaketi yalipo, na usihamie upande mmoja kupiga picha. Kwa Kiluganda na Kiswahili, kwani kwenye mwalo wowote utakuta Mganda, Msoga, Msamia, Mjaluo, Mkongo na Mnyarwanda ndani ya boti moja, na Kiingereza hakiwafikii wote. Mchangamfu mkuu wa dunia asiyefanya hivyo hatusaidii.

17. Kwenye boti dogo nahodha ndiye mwenyeji. Atagawanyikaje?

Asigawanyike. Kwenye maboti ya hifadhi kama Paraa mara nyingi kuna watu wawili: nahodha anashika usukani, mwongozaji anaeleza viboko, mamba na ndege. Mpangilio huo ni mzuri, uige hata kwenye boti la injini moja: mwenye kuongea awe mtu wa pili. Kama yuko peke yake, basi hadithi zisubiri injini izimwe. Na wewe abiria, ukimwona nahodha amegeuza shingo kukujibu wakati mnapita karibu na viboko, nyamaza. Atakupigia stori mkifika.

18. Mheshimiwa ametuma ujumbe tumsubiri, au watu wake waongezwe. Kapteni afanye nini?

Hapa ndipo swali zima la uchangamfu linapouma Uganda. Baharini kapteni anashawishiwa kwa karamu. Kwetu anashawishiwa kwa simu. "Kapteni, ni mimi mzee wako, niko njiani." "Kapteni, hawa kumi ni watoto wa nyumbani, usinitie aibu." Akisubiri saa moja, anavuka gizani au upepo ukiwa umechafuka. Akiongeza kumi, boti linakaa chini.

Tarehe 24 Novemba 2018 boti la starehe MV Templar lilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, muziki ukilia. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lilikuwa limejaza kupita uwezo wake na halikuwa na leseni. Miezi miwili kabla, upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilichotengenezwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya 200. Hayo hayakutokea kwa kapteni kukosa tabasamu. Hesabu ya vichwa ndiyo iliyokosekana, pamoja na mtu wa kusema basi, imejaa.

Sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 imeleta masharti ya leseni na vifaa vya usalama. Lakini leseni haipokei simu. Ushauri wetu kwa makapteni: lijibu ombi la mkubwa mbele ya abiria, kwa heshima na kwa sauti. "Mheshimiwa, tunakusalimu sana, feri imejaa, utatangulia safari ijayo." Ukijibu pembeni kwa kunong'ona, umekwisha. Ukijibu hadharani, abiria wote wanakuwa upande wako, na hapo ndipo utakapoona faida ya kuwa nao kwa salamu kila siku.

Abiria nawe una sehemu yako: usimzomee kapteni aliyekataa kuondoka kwa sababu ya upepo. Tumeona hayo mwaloni, watu wakimwita mwoga. Anayeitwa mwoga mara tatu, ya nne huondoka.

19. Kapteni ni ndugu yangu. Lazima nivae jaketi?

Wewe ndiye wa kwanza kuvaa. Wageni wanakutazama.

## Maswali ya pembeni

20. Kapteni anaweza kutufungisha ndoa?

Inategemea meli imesajiliwa wapi. Zilizosajiliwa Bermuda, Malta au Bahamas mara nyingi zinaruhusiwa. Kampuni ya Cunard ilihamishia usajili wa meli zake Bermuda mwaka 2011, na ndoa za baharini zilikuwa sababu mojawapo. Karatasi huombwa miezi kadhaa kabla, na unalipia. Kabla ya kulipa, waulize URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kuhusu kuisajili nyumbani, na uwaulize wazee kuhusu kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kwao bibi harusi. Kapteni hawezi kukusaidia na hilo la pili.

21. Kapteni anaweza kuwa na uhusiano wa kimapenzi na abiria?

Kampuni za meli za kitalii kwa kawaida zinawakataza wafanyakazi, kapteni akiwemo, na adhabu yake ni kufukuzwa. Sababu si uchamungu tu. Anayetoa amri ya nani apande mashua ya kwanza hapaswi kuwa na mtu wake kwenye foleni.

22. Nimpe bahshishi?

Kapteni na maofisa hawapewi. Wahudumu wa vyumba na mezani ndio wanaoitegemea. Ukimpenda kapteni, andika barua kwa kampuni na utaje jina lake, inasomwa. Ziwani, soda baridi mkifika haina ubaya. Noti kabla ya kuondoka ina ubaya, kwa sababu zilizotajwa kwenye swali la 18.

23. Nataka kuwa kapteni lakini mimi ni mpole, sipendi watu wengi. Nitafaa?

Utafaa. Hakuna mtihani wa kutania. Utahitaji vyeti vya STCW, miaka ya kazi baharini na kupanda ngazi ya maofisa. Kwa jirani zetu kuna chuo cha mabaharia cha Bandari, Mombasa, na chuo cha DMI, Dar es Salaam. Wengi wanaotoka huku huanza kama wahudumu wa hoteli melini, ila jua mapema kwamba ngazi ya hoteli na ngazi ya usukani ni mbili tofauti, na kuruka kutoka moja kwenda nyingine ni kuanza upya darasani.

Cha kujifunza hata ukiwa mkimya ni kutangaza: sentensi fupi, sauti ya kawaida, ukweli kwanza. Fanya mazoezi kanisani, msikitini au kwenye mikutano ya kijiji, kwa kusoma matangazo. Ukiweza kuwaambia watu mia tatu wenye njaa kwamba chakula kimechelewa, na wakabaki wamekaa, umeanza vizuri.